Naturopathia Marekani: leseni moja, sheria za majimbo hamsini

Mtu akikuambia kwamba daktari wake wa naturopathia, yaani tiba inayotegemea mitishamba, lishe na uwezo wa mwili kujiponya, huko Marekani ana leseni, muulize kwanza: jimbo gani? Bila jibu hilo, habari ya leseni haina maana yoyote. Mhitimu wa naturopathia mwenye kliniki Portland, Oregon, anaweza kumpima mgonjwa, kumtuma maabara, kumwandikia antibayotiki, na famasia ikazitoa kama ingezitoa kwa cheti cha daktari mwingine yeyote. Akihamia Dallas, Texas, na shahada ileile na uzoefu uleule, sheria inamwona raia wa kawaida. Anaweza kushauri watu kuhusu chakula na usingizi, lakini akiandika jina la ugonjwa na kidonge cha kuutibu, anaweza kushtakiwa kwa kufanya udaktari bila kibali.

Kwa msomaji wa Tanzania, hali hii inachanganya kidogo. Tanzania Bara ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya 2002, iliyounda baraza moja la kusajili waganga, vituo na dawa. Zanzibar nayo ina sheria yake ya 2008. Mipaka miwili, sheria mbili, basi. Marekani mipaka ni hamsini, ukiacha Washington D.C., Puerto Rico na Visiwa vya Virgin, na serikali kuu haitoi leseni ya tiba kwa mtu yeyote, awe daktari bingwa wa moyo au mkandaji wa misuli.

Sababu ni ya kikatiba. Jukumu la kulinda afya na usalama wa wananchi liliachwa mikononi mwa majimbo, na Mahakama Kuu ya Marekani ililithibitisha mwaka 1889 katika kesi ya Dent dhidi ya West Virginia. Kesi hiyo inafaa kukumbukwa hata leo. Frank Dent alikuwa akitibu watu kwa miaka kadhaa na alikuwa na cheti cha chuo cha tiba kilichopo Cincinnati, chuo cha mrengo uliopenda sana mitishamba. Bodi ya afya ya West Virginia ikasema chuo hicho hakitambuliki, kwa hiyo cheti chake hakimfai kitu. Mahakama ikakubaliana na jimbo. Ugomvi wa naturopathia wa karne hii ni uleule: chuo gani kinatambuliwa, na nani ana haki ya kukitambua.

Naturopathia yenyewe ilijengwa Marekani na mhamiaji kutoka Ujerumani, Benedict Lust, aliyefungua shule yake New York mwaka 1901. Ilikuwa mseto wa tiba za maji, mitishamba, lishe, mazoezi na kukandwa, na msingi wake ulikuwa imani kwamba mwili ukisaidiwa hujiponya. Baadaye vikaongezwa homeopathia (tiba ya dawa zilizozimuliwa mno), virutubisho na, katika miongo ya karibuni, sindano na dripu za vitamini. Miaka ya 1920 na 1930 majimbo kadhaa yalianza kuipa sheria: Hawaii 1925, Oregon 1927, Arizona 1935. Kisha upepo ukageuka. Antibayotiki zilikuja, hospitali zikakua, vyama vya madaktari vikapata nguvu bungeni. Tennessee na South Carolina zilikwenda hadi kuifanya naturopathia kuwa kosa la jinai. Florida ilifunga mlango wa leseni mpya mwishoni mwa miaka ya 1950, ikawaachia waliokwishapata waendelee mpaka wazeeke. Sura ya sheria ikabaki kitabuni, kama duka lenye kibao na halina bidhaa.

Kurudi kwake kulianza Alaska mwaka 1986, Montana 1991, New Hampshire 1994, na kuendelea jimbo kwa jimbo. California ilipitisha sheria 2003, Minnesota 2008, Colorado 2013, Maryland 2014, Wisconsin 2022. Leo ni takriban nusu ya majimbo.

Lakini hiyo “nusu” inafunika mambo mengi, kwa kuwa chini yake kuna vitu vitatu tofauti ambavyo watu wote wanaviita leseni.

Cha kwanza ni leseni yenyewe. Hapa sheria inasema kazi fulani haifanywi na mtu asiye na kibali, inaeleza mwenye kibali anaruhusiwa nini, na inaunda chombo cha kumwadhibu akivuka. Oregon, Washington, Arizona na Vermont ziko hapa.

Cha pili ni usajili, au ulinzi wa cheo. Sheria haizuii mtu kufanya kazi ya naturopathia. Inazuia tu kujiita jina fulani kabla hujatimiza masharti. Pennsylvania ni mfano mzuri. Sheria yake ya 2016 inamlinda anayejiita daktari wa naturopathia, lakini haikumfungulia mlango wa kuandika dawa. Jirani yake asiyesajiliwa anaweza kuuza mitishamba na ushauri uleule mtaa huohuo, mradi asitumie cheo hicho.

Cha tatu ni kutokuwa na sheria mahususi, kama Texas. Ukimya huo haumaanishi uhuru kamili, maana sheria ya udaktari inaendelea kukata kila anayevuka mstari wa kutambua na kutibu magonjwa. Haumaanishi pia marufuku. Maana yake ni kwamba mtu aliyesoma miaka minne na mtu aliyesoma wikendi mbili wamesimama mahali pamoja mbele ya sheria, na mgonjwa hana daftari la serikali la kumsaidia kuwatofautisha.

Minnesota inastahili kutazamwa kwa karibu, kwanza kwa sababu ndugu zetu wengi kutoka Afrika Mashariki wanaishi Minneapolis na St. Paul, na pili kwa sababu imeweka milango miwili kwenye nyumba moja. Mwaka 2000 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya uhuru wa kutafuta tiba mbadala. Chini yake mtu yeyote anaweza kutoa huduma hizo bila leseni, mradi asiguse mambo yaliyokatazwa kama kutoboa ngozi, kupiga eksirei, kuandika dawa za hospitali au kutoa utambuzi wa ugonjwa wa kidaktari. Kabla hajakuhudumia lazima akupe maandishi ya haki zako kama mteja: elimu yake ni ipi, bei ni ngapi, na kwamba jimbo halijaweka viwango vya elimu kwa watu wa kazi yake. Wizara ya afya ya jimbo ina ofisi ya kupokea malalamiko juu yao. Kisha 2008 likaja daraja la pili: wahitimu wa vyuo vyenye ithibati wanasajiliwa na Bodi ya Utabibu ya Minnesota, ileile inayowasimamia madaktari wa hospitali, na hao ndio wenye haki ya kujiita madaktari wa naturopathia waliosajiliwa. Ukiingia kliniki ya Minneapolis na kupewa karatasi ya haki za mteja itiwe saini, umeshajua upo kwenye mlango upi. Mimi hupenda mpango huu kuliko majimbo mengi yanayojisifu kuwa na leseni, kwa sababu unamlazimisha asiye na leseni aseme kwa maandishi kwamba hana.

Sasa, chuo gani? Ithibati hutolewa na baraza la elimu ya naturopathia, CNME, lililoundwa 1978 na linalotambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani. Utambuzi huo ulipotea 2001 ukarudi 2003, jambo ambalo wapinzani wa naturopathia hawajalisahau. Vyuo vyenye ithibati hiyo vinahesabika kwa vidole: NUNM ya Portland, iliyoanzishwa 1956, Bastyr, karibu na Seattle, Sonoran, huko Tempe, Arizona, na chuo cha Toronto ni miongoni mwao. Masomo ni miaka minne baada ya shahada ya kwanza. Baada ya hapo kuna mtihani wa NPLEX wenye sehemu mbili, ya sayansi za mwili na ya kliniki, na mitihani ya ziada ya upasuaji mdogo au famakolojia, sayansi ya dawa, kwa majimbo yanayoitaka. Mafunzo ya kazi chini ya usimamizi baada ya chuo, yale ambayo daktari wa kawaida hawezi kuyakwepa na ambayo humchukua miaka mitatu au zaidi, kwa naturopathia ni hiari karibu kila mahali. Utah ndiyo inayodai mwaka mmoja.

Upande wa pili wako wanaojiita wanaturopathia wa jadi. Wengi wamesoma kwa posta au kwa mtandao, wengine kwa wazee wao, na wanaona mafunzo ya kuandika dawa ni usaliti wa alichokihubiri Lust, kwamba mtu apone bila dawa za dukani. Hapa ndipo wageni wengi wa mada hii hushangaa. Mswada wa leseni unapofika bungeni, wapinzani wa kwanza kwenye mlango wa kamati mara nyingi si madaktari wa hospitali, ni wanaturopathia wenyewe. Wanajua cheo kikishalindwa, wao ndio watakaonyang'anywa. Chama cha madaktari nacho kinapinga kwa sababu zake, na wabunge wanaangalia kambi mbili zisizopatana kwa lolote zikipiga kura upande mmoja.

Hoja ya madaktari haiwezi kupuuzwa. Wanasema muhuri wa serikali utawafanya watu waamini kwamba dawa wanayopewa imethibitishwa, wakati mtihani wenyewe wa naturopathia una sehemu ya homeopathia, tiba ambayo ushahidi wa kisayansi kwamba inazidi kidonge kisicho na dawa haujapatikana. Hoja ya pili ni mafunzo mafupi. Ya tatu, ambayo hawaitaji kwa sauti, ni soko.

Wanaotaka leseni hujibu kwa kesi. Inayotajwa zaidi ni ya Colorado. Mwaka 2003, jimbo likiwa halina sheria ya naturopathia, kijana wa miaka 19 mwenye saratani ya mifupa alifariki baada ya kutibiwa na mtu aliyejitangaza kuwa daktari wa naturopathia kwa shahada ya posta. Moja ya tiba ilikuwa kutoa damu, kuimulika kwa mwanga wa ultravayoleti na kuirudisha mwilini. Hakukuwa na bodi ya kumnyang'anya leseni kwa kuwa leseni haikuwepo. Ilibidi mwendesha mashtaka afungue kesi ya jinai, na mtu huyo alikiri makosa na kufungwa 2006. Miaka saba baadaye Colorado ikapata sheria yake ya usajili.

Ila California ina kesi inayovuta upande wa pili. Mwaka 2017 mwanamke wa miaka 30 aliyekuwa na ukurutu alidungwa kwenye mshipa dripu ya kurkumini, ile rangi ya njano ya manjano ya jikoni, na moyo wake ukasimama. Alifariki. FDA, mamlaka ya dawa ya shirikisho, ilichunguza mchanganyiko ule na kutoa tahadhari Agosti mwaka huo. Safari hii kulikuwa na sheria, leseni na chombo cha usimamizi. Kifo hakikuzuiwa. Kilichokuwepo ni mahali pa kupeleka faili.

Kesi hizo mbili zikiwekwa pamoja zinaonyesha leseni inafanya kazi gani hasa. Jimbo halithibitishi kwamba tiba inaponyesha. Linathibitisha kwamba mtu huyu alisoma mahali fulani, alifaulu mtihani fulani, anwani yake inajulikana, na akikosea kuna mtu wa kumwita. Swali la kama kurkumini kwenye mshipa inatibu ukurutu halikuulizwa na bunge la California, wala mabunge hayana desturi ya kuuliza maswali ya namna hiyo. Yanagawa mamlaka. Nadhani watu wa pande zote mbili wananufaika kwa kuliacha hili gizani: wenye leseni kwa kuwa muhuri unawauzia, na wapinzani kwa kuwa ni rahisi kupinga muhuri kuliko kueleza wangefanya nini na wasio nao.

Mipaka ya kinachoruhusiwa ndiyo yenye fujo kubwa zaidi. Oregon inawaruhusu dawa nyingi za hospitali, hata zile zinazodhibitiwa, na kwa hizo wanajisajili na DEA, idara ya shirikisho ya dawa za kulevya. Washington inawaruhusu dawa nyingi za cheti, lakini katika zinazodhibitiwa inawabakizia testosteroni na zenye kodeini tu. Chini ya sheria ya California ya 2003, homoni na epinefrini, dawa ya dharura ya mzio mkali, wanaandika wenyewe, dawa nyingine mpaka wasimamiwe na daktari. Vermont inataka mtihani wa ziada wa famakolojia. Connecticut, iliyo na sheria ya naturopathia kwa takriban karne nzima, haiwaruhusu kuandika dawa ya cheti hata moja. Arizona, kwa upande mwingine, iliwaweka kwenye orodha ya madaktari wanaoweza kumwidhinishia mgonjwa bangi ya tiba tangu sheria ya 2010.

Hata jina ni matokeo ya mapatano. Oregon na Washington zinawaachia cheo cha “physician”, kilekile wanachojiita madaktari wa hospitali. Maryland iliwanyima na kuwapa “doctor” peke yake, ikawaweka chini ya Bodi ya Madaktari, na sheria ya 2014 ikamtaka kila mmoja awe na makubaliano ya maandishi na daktari wa kushauriana naye. Massachusetts, sheria yake iliposainiwa Januari 2017, iliweka sharti kwamba watunze kumbukumbu za chanjo za watoto wanaowahudumia. Sharti hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Baadhi ya watu wa fani hii wamekuwa na msimamo wa kusitasita juu ya chanjo.

Nani anakaa kwenye bodi? Oregon ina bodi maalumu ya naturopathia, na wengi wa wajumbe ni watu wa fani hiyohiyo. Faida yake ni kwamba wanaelewa kazi. Hasara inajulikana kwa kila aliyewahi kulalamika juu ya fundi kwa chama cha mafundi. Kansas na Maryland zimewaweka chini ya bodi za madaktari, na hapo lawama zinageuka: mshindani ndiye hakimu. Mahakama Kuu iligusa tatizo hili Februari 2015 katika kesi ya bodi ya madaktari wa meno ya North Carolina. Bodi hiyo ilikuwa imewaandikia barua watu waliokuwa wakisafisha meno yawe meupe kwenye maduka, ikiwaamuru waache. Mahakama ilisema bodi inayoongozwa na watu walio sokoni haiwezi kujificha nyuma ya kinga ya jimbo kwenye sheria za ushindani, mpaka jimbo lenyewe liisimamie kwa vitendo. Tangu hapo bodi za fani zote, naturopathia ikiwemo, hupima mara mbili kabla ya kumwandikia asiye na leseni barua ya vitisho.

Juu ya majimbo, serikali kuu inaingia kwa mlango wa pesa. Medicare, bima ya wazee, haiwalipi wanaturopathia popote, hata Oregon. Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo inayoendeshwa na majimbo, inawalipa katika majimbo machache yakiwemo Oregon, Washington na Vermont. Bima binafsi zinatofautiana, ingawa Washington ina sheria ya katikati ya miaka ya 1990 inayozitaka kampuni za bima zisimkatae mtoa huduma kwa sababu tu ya aina ya leseni yake. Kwa familia iliyohama kutoka Seattle kwenda Houston, tofauti hiyo inaonekana kwenye bili ya kwanza.

Kwa anayeishi huko na anafikiria kwenda, au ana mama aliyekwisha kwenda: ingia kwenye tovuti ya bodi ya jimbo, andika jina la mtu huyo kwenye sehemu ya kutafuta leseni, na usome mistari miwili, hali ya leseni na adhabu zilizowahi kutolewa. Ni bure. Herufi ND, kifupi cha Kiingereza cha daktari wa naturopathia, baada ya jina hazitoshi, kwa kuwa chuo cha mtandaoni kinaweza kuzitoa na jimbo lisilo na sheria halina wa kuuliza. Vyeti vya ukutani vyenye maneno “amethibitishwa na bodi ya taifa” visikutishe. Vyama binafsi vinatoa hivyo. Ukiwa unatumia dawa za kisukari, presha au za kuzuia damu kuganda, mwambie daktari wako wa kawaida unachopewa, hata kama ni majani tu, maana baadhi ya mitishamba hupandisha au kushusha nguvu ya dawa hizo.

Ukidhurika, njia ya kulalamika nayo inategemea jimbo. Penye leseni, unajaza fomu ya bodi, na bodi ina uwezo wa kumwita, kumtoza faini au kumfungia. Penye usajili wa cheo tu, uwezo huo ni mdogo zaidi. Pasipo na sheria, inabaki ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo kwa udanganyifu wa kibiashara, bodi ya madaktari kwa kosa la kufanya udaktari bila kibali, au wakili wako mwenyewe. Na hapo wakili atakuuliza jambo ambalo wengi hawakulifikiria mapema: je, huyo mtu ana bima ya kulipa fidia?